Miguu Miwili Isiyo na Kichwa

Benchi la mbele ya duka la Kinyozi lilikuwa na miguu minne, ila mitatu tu ndiyo iliyofanya kazi; wa nne ulisaidia siku ukijisikia. Hapo ndipo walipokutana kila jioni, mteja awepo asiwepo. Kinyozi mwenyewe, taulo begani, alikuwa na tabia ya kuacha kichwa cha mtu nusu ili atoke nje kutoa hoja. Refa alistaafu kupuliza filimbi ya mpira, lakini hakustaafu kutoa hukumu. Mama Kahawa alikuwa na birika, vikombe vidogo visivyo na mikono, na ulimi usio na breki. Wa nne alikuwa mpiga picha mwenye studio mlango wa pili. Jina alilopewa na baba yake watu walishalisahau. Wote walimwita Katavichwa. Sababu ya jina hilo ilitundikwa ukutani kwa Kinyozi, juu ya kioo, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na ukiwa kwenye benchi unaiona bila kunyoosha shingo: picha ya harusi ya Kinyozi, watu wamejipanga, suti zimenyooka, gauni jeupe kama maziwa, viatu vinang'aa, na hakuna hata mmoja mwenye kichwa.

Jioni hiyo Katavichwa alikuja polepole, mikono miwili mbele, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni.

— Umebeba nini hicho? aliuliza Kinyozi. Simu ya babu yako?

— Kalkuleta. Ya mtihani wa mwanangu. Msiiguse.

Hapo ndipo alipokosea. Ukitaka kijiwe kiguse kitu, kiambie kisiguse.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake asubuhi, wa kuingia chuo cha upimaji ardhi. Karatasi moja, siku moja, nchi nzima. Ukikosa, unasubiri mwaka mzima huku jirani wanakuuliza unafanya nini siku hizi. Kila mtahiniwa alitakiwa aingie na kalkuleta yake ya kuchora grafu, ile ambayo ukiipa hesabu inakuchorea mstari kwenye kioo chake. Kuazimana ndani ya chumba cha mtihani ni marufuku. Hii ilikuwa ya shangazi yake, ya zamani, na shangazi aliitoa kwa maneno mengi kuliko mahari. Binti alimwomba baba yake kitu kimoja tu: amnunulie betri nne mpya, aziweke, basi.

Katavichwa angeweza kuziweka studioni, mlango umefungwa. Lakini jana yake, pale mezani, binti alikuwa amemchorea hesabu ya mpira uliorushwa juu, kikatokea kilima kimoja cha mviringo, laini, na baba mtu, aliyeiacha shule mapema, akajisikia kama kakichora yeye. Sasa alitaka watu wake wakione. Ndiyo maana kabeba mpaka na karatasi ya mazoezi.

— Betri nzuri haipimwi kwa macho, alisema Refa, na kabla Katavichwa hajafungua mdomo, kifuniko kilikuwa kimeshatoka na betri zote nne za zamani ziko kiganjani mwa Refa. Inapimwa kwa ulimi.

Akailamba moja. Akafumba macho.

— Hii bado ina uhai.

— Nipe mimi, alisema Kinyozi. Betri inapimwa kwa kuidondosha. Ikiruka, imekufa. Ikisimama, nzima.

Akaidondosha. Ikaruka, ikabingirika hadi ndani, chini ya kiti alichokaa mteja aliyenyolewa upande mmoja.

— Kinyozi! aliita mteja. Na kichwa changu je?

— Kipo hapo hapo, bwana, hakiendi popote!

Betri mpya nazo zikapita mkono kwa mkono, zikapimwa uzito, zikanuswa. Mama Kahawa akamimina mzunguko mzima wa kahawa, watu wakanywa, na muda wote huo tumbo la mashine lilikuwa wazi, tupu, limelala mapajani mwa Katavichwa kama kuku aliyetolewa matumbo. Mwishowe betri zikaingia. Kioo kikawaka.

— Haya, alisema Katavichwa, akavuta pumzi. Sasa mtaona kilima.

Akafungua karatasi ya mazoezi. Maneno ya swali akayaruka, kwa sababu mashine haina kitufe cha maneno. Akanakili ule mstari wenye namba tu, ishirini hivi, toa tano vile, kidole kimoja, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Wakati anabonyeza, benchi likayumba, akakosea, akafuta, akaanza upya.

— Hili benchi litamfelisha mtoto wa watu, alisema Refa. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara kadhaa, akainama na kuisukumia chini ya ule mguu wa nne. Benchi likatulia kimya.

Katavichwa akabonyeza kitufe cha kuchora.

Hakukutokea kilima. Ilitokea mistari miwili iliyosimama wima, imetanuka kidogo kwa chini, imekaribiana kwa juu. Halafu basi. Juu hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Mistari miwili. Akaipiga kofi dogo ubavuni, kama anavyofanyiwa mtoto aliyepaliwa. Mistari miwili.

— Jana ilikuwa kilima, alisema. Jana ilikuwa kilima, jamani.

Vichwa vitatu vikainama juu ya kioo.

— Kumi na moja, alitangaza Kinyozi.

— Nini kumi na moja?

— Jibu. Si unaona? Moja, na moja. Mashine imefanya kazi yake. Mwambie mtoto kesho aandike kumi na moja, alale.

— Kila swali?

— Kila swali litakaloonyesha hivyo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezinyoa. Nimeshika akili za mtaa huu wote kwa mikono hii.

— Ndiyo maana umezibakiza hivyo, alisema Mama Kahawa. Hebu nione. Aka! Hiyo si kumi na moja. Hiyo ni miguu.

Wakatazama tena. Kweli ilikuwa miguu. Ilikuwa imesimama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

— Miguu ya nani? aliuliza Katavichwa.

— Nitajuaje? Mwili haupo.

Refa akajivuta mbele. Alikuwa na namna ya kunyoosha mkono kabla ya kusema, kama bado anaonyesha upande wa kona.

— Mnapoteza muda. Hesabu inahusu nini? Mpira. Huo ni mlango wa goli. Nguzo mbili, mwamba wa juu haujawekwa. Mpira wenyewe hauonekani kwa sababu umetoka nje. Mimi hapo ningepuliza.

— Ungepuliza nini? Hii ni hesabu!

— Mpira ukitoka nje, umetoka nje. Hesabu haina sheria zake za mpira.

Katavichwa hakucheka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye nywele. Alikuwa akimwona binti yake kesho asubuhi, amekaa kwenye dawati, wenzake wanachora vilima kushoto na kulia, na yeye anatazamana na miguu ya mtu asiyemjua. Na shangazi mtu! Dada yake angekuja na mumewe, na baba mkwe, na kiti cha kukalia.

— Nimeiua, alisema. Nimeiua mashine ya watu.

— Hujaiua, alisema Mama Kahawa, sauti imelainika. Imenuna. Vitu vina mikono yake, baba. Birika hili akilishika mtu mwingine, kahawa inamwagika tu. Mashine imezoea vidole vya binti, laini, vimeoshwa. Ghafla inalambwa na mstaafu. Wewe ungefurahi?

— Niliilamba betri, si mashine!

— Betri ni roho yake! Umelamba roho. Halafu tazameni ilivyokaa: imeonyesha miguu, uso imeuficha. Inaona haya. Imeona wanaume watatu wameikodolea macho, ikajifunika.

— Mficha uchi hazai, alisema Kinyozi kwa uzito.

— Sasa kalkuleta izae nini, wewe?

— Majibu!

Kinyozi aliona hoja yake imepata mguu, akaingia ndani kwa kasi, akapita kwa mteja aliyekuwa akinyoosha mkono kuomba huruma, akatoka na kichupa.

— Mafuta ya mashine ya kunyolea. Tone moja hapa kwenye kitufe, tone moja pale. Mashine yangu ikianza kung'ata nywele, ndiyo dawa.

— Weka mbali! Katavichwa aliikumbatia kalkuleta kifuani. Hii haina meno!

— Unajuaje? Umeifungua ukaona?

— Tusibishane, alisema Refa, ambaye hakuwahi kukutana na ubishi asiouingia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuibonyeze wote kwa pamoja, vitufe vyote. Ikichanganyikiwa, itarudi ilikotoka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Refa, alionya Mama Kahawa.

— Na hapa guu liko zima, tena mawili. Maana yake imeshasikia la mkuu. Inasubiri amri tu.

Kufikia hapo nadharia zilikuwa zimeshakata kamba. Kinyozi aliapa kwamba wanaotunga mitihani wanajua nyumba ipi imeazima mashine, na wanaizima kwa mbali jioni ya mwisho. Refa akasema si kuzima: wanatuma ile miguu, na kila mtoto anatumiwa kiungo chake, wa kwanza miguu, wa pili mikono, na anayetumiwa kichwa ndiye mwenye mjomba chuoni. Mama Kahawa akauliza je, watoto wakikutana wakaunganisha viungo, si watapata mtu mzima na mtihani mzima? Jambo hilo lilikuwa na mantiki ya kutisha.

Katavichwa aliwasikia kwa mbali. Alikuwa ameshaamua. Ataifunga studio, ataiuza kamera yake ya pili, atatafuta duka lililo wazi. Tatizo lilikuwa hilo la mwisho. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mabati.

— Shikamooni, alisema mtu nyuma yao.

— Marahaba, walijibu wote, kisha wakatambua sauti, na kila mmoja akakumbuka ana kazi. Refa akatazama viatu vyake. Kinyozi akaficha kichupa ndani ya taulo.

Binti alisimama na begi lake mgongoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyesoma kuanzia alfajiri, na kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele.

— Baba, nimekufuata studioni. Betri umepata?

Katavichwa akasimama. Alikuwa ametayarisha maneno marefu. Yakatoka machache.

— Mwanangu, nisamehe. Nimeiharibu.

Akampa kwa mikono miwili. Binti akaitazama ile miguu. Akamtazama baba yake, akamtazama Refa, ambaye bado alikuwa na betri ya zamani mkononi.

— Mlizitoa zote nne kwa mpigo?

— Refa alizitoa, alisema Kinyozi haraka.

— Zikakaa nje?

— Mzunguko mmoja tu wa kahawa, alisema Mama Kahawa. Miwili. Kikombe cha pili kilikuwa nusu.

Binti akavuta pumzi ndefu. Kisha, badala ya kulia au kupiga kelele, akaketi kwenye nafasi ya baba yake.

— Basi imesahau mipangilio yangu yote, alisema. Hii ni ya zamani, haina akiba ya kumbukumbu. Imeamka kama ilivyotoka kiwandani.

Akabonyeza hapa na pale, paji la uso limekunjana.

— Kumbe hata kipimo cha pembe kimebadilika. Kesho ningekokotoa pembe zote kwa kipimo kingine na nisijue.

— Kwa hiyo imekufa? aliuliza Katavichwa.

— Haijafa, baba. Njoo ukae.

Akakaa. Binti akanyoosha kidole, si kwenye kioo cha mashine, bali ndani ya duka, juu ya kioo cha Kinyozi, kwenye ile fremu ya rangi ya dhahabu.

— Siku ya harusi ya mjomba Kinyozi, wale watu walikuwa na vichwa?

Kwa miaka yote walikuwa wakiicheka ile picha, lakini mbele ya Katavichwa, hivi, usoni, hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Walikuwa navyo, alisema polepole.

— Sasa viko wapi?

Refa akanyoosha mkono, hakupata pa kuuelekeza. Mama Kahawa akapuliza kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

Katavichwa aliitazama picha. Akaona kola ya shati la bwana harusi na, juu yake tu, ukingo wa fremu. Akaitazama mashine. Akaona ile mistari miwili inavyopanda, inavyokaribiana, na mahali inapokatikia: pale pale kioo kinapoishia.

— Juu, alinong'ona. Viko juu ya picha. Vilikuwepo. Mimi ndiye sikuinua kamera.

— Kioo hiki kikiamka upya kinatazama mwisho kumi kwenda juu, alisema binti. Mpira umepanda zaidi ya hapo. Haya, inua kamera. Bonyeza hapa. Unadhani umefika wapi?

— Mimi nitajuaje?

— Kisia, baba. Mashine ukiiuliza bila kukisia kwanza, itakudanganya na wewe utasema asante.

Katavichwa akawaza mpira ukipigwa na mtu mwenye mguu mzuri. Akaandika ishirini na tano. Akabonyeza kitufe cha kuchora.

Mistari ikapanda. Ikapita pale ilipokuwa ikikatikia, ikaanza kuinama, mmoja ukautafuta mwenzake, ikakutana juu, kimviringo, taratibu. Kilima. Kizima. Na juu yake nafasi ya kutosha, kama picha iliyopigwa na mtu anayejua kazi.

— Gooo! alipiga kelele Refa.

— Katavichwa leo kapata kichwa! alisema Mama Kahawa, akampiga bega hadi kahawa ikamwagika birikani.

Katavichwa alicheka huku akijifuta macho kwa kiwiko, akisema ni jasho, na hakuna aliyembishia, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye benchi hilo.

— Kwa hiyo jibu si kumi na moja, alisema Kinyozi kwa huzuni.

— Jibu liko kileleni, alisema Refa. Twende juu tuone. Kilele kinasema ngapi? Ishirini! Binti, andika ishirini.

— Ishirini, alikubali Mama Kahawa.

— Hata mimi nilikuwa naelekea ishirini, alisema Kinyozi.

Binti akawatazama mmoja mmoja, kwa upole.

— Kwani swali linauliza nini?

Kinyozi akamtazama Refa. Refa akamtazama Katavichwa. Katavichwa akawaza: maneno niliyaruka.

— Karatasi yangu iko wapi? aliuliza binti.

Kisha Refa, taratibu sana, kama mtu anayejipa mwenyewe kadi nyekundu, akainuka. Wengine wakainuka naye. Benchi likainamishwa, karatasi ikavutwa chini ya mguu, ikakung'utwa vumbi, ikakunjuliwa. Binti akasoma kwa sauti:

— Mpira utarudi ardhini baada ya sekunde ngapi?

Wakakaa tena, wakifikiri. Benchi, lililokosa egemeo lake, likayumba.

— Kurudi ardhini... alisema Katavichwa. Ardhini ni chini.

— Ni chini, baba.

— Kwenye miguu.

— Mguu wa kulia, pale unapogusa mstari wa ardhi. Sekunde nne. Hata mashine haihitajiki; hii naifanya kwa kichwa.

— Kwa hiyo, alisema Kinyozi, akilipima kila neno, ile miguu miwili, bila kichwa, tangu mwanzo, ilikuwa inatosha?

— Ilikuwa inatosha, mjomba.

— Na kumi na moja?

— Hata kwenye majibu ya kuchagua haimo.

Binti akaikunja karatasi, akaitia kwenye begi pamoja na mashine. Ile betri iliyolambwa akamwachia Refa. Akamgusa baba yake mkono.

— Twende nyumbani unisaidie kuipanga upya. Bora imesahau leo, nikiwa nayo mkononi. Ningebadilisha betri kesho mlangoni, ningeingia na miguu.

— Mimi nikusaidie?

— Wewe ndiye utakayeniambia kama nimekata vichwa.

Wakaondoka, baba akitembea kwa kifua mbele kidogo. Mama Kahawa akaliinamisha birika, likatoa tone moja na kuugua. Ndani, mteja aliyenyolewa nusu alikuwa amelala. Kinyozi alibaki amesimama mlangoni, taulo begani, akiitazama picha ya harusi yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

— Mama Kahawa, alisema. Kumbe miaka yote hii, picha hii haina kosa?

Mama Kahawa alikuwa akipanga vikombe vyake kwenye ndoo. Akageuka, akaitazama naye, kuanzia juu mpaka chini.

— Inategemea iliulizwa nini, baba. Kama waliiuliza viatu, sijaona picha nzuri kuliko hiyo.